Fomu ya Usingizi

Jumatatu, 8 Julai

Vijiko vitatu vya uji wa ulezi. Nikapumzika. Viwili tena. Vidonge vya vitamini. Mizani inasema kilo themanini na saba. Kabla ya upasuaji wa kupunguza tumbo nilikuwa mia na thelathini na moja. Miezi minane tu. Sketi ya kazini naikunja kiunoni mara mbili na kuibana kwa pini.

Hospitali ya Mwanza wamepiga simu. Kipimo cha usingizi ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nitalala kwao usiku mmoja, nimebandikwa nyaya kichwani na kifuani, waone kama pumzi bado inakatika nikilala. Nesi alinisomea masharti polepole. Siku hiyo nisinywe kahawa wala chai. Nisilale mchana. Nije na nguo zangu za kulalia. Kichwa kisiwe na mafuta, wala rasta, wala wigi.

Na nije na fomu. Walinipa kliniki mwezi uliopita, sijaigusa. Kila asubuhi niandike nimelala kwa saa ngapi, nimeamka mara ngapi, mashine ya hewa, ile ya kuvaa puani usiku, nimeivaa kwa saa ngapi, mchana nimesinzia wapi.

Mashine iko chini ya kitanda tangu Aprili. Waliniambia niivae mpaka nipimwe. Niliiacha mwenyewe. Niliona nimepungua, nikajiambia nimepona.

Kwenye fomu nimeandika: nimelala kwa saa saba.

Jumanne, 9 Julai

Nimegawa uji shuleni mpaka mkono unauma. Mwaka wa pili sasa niko jikoni. Kabla ya hapo niliendesha gari la shule miaka sita. Waliniondoa siku mlinzi aliponikuta nimelalia usukani getini, honi inalia, watoto wamejipanga wananitazama. Madam, mwenye shule, hakunifukuza. Alisema nikatibiwe, nilete barua ya daktari, ufunguo utarudi kwangu.

Watu wanadhani nilikatwa tumbo kwa ajili ya urembo. Presha ilikuwepo, magoti yalikuwepo. Lakini humu naandika ukweli. Ni lile gari.

Nalitaka. Basi.

Fomu: saa saba. Sikusinzia.

Jumatano, 10 Julai

Mama mkwe kaingia jioni kutoka kijijini Sola na mfuko wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, na dumu la maziwa mgando. Mume wangu, Mabula, ndiye kampigia. Yeye yuko Lamadi kwenye biashara ya samaki, anarudi Jumamosi tu, na mwanetu Holo yuko bweni, hataki nikae peke yangu mpaka nipimwe. Mimi hakuniuliza.

Chumba cha pili kimejaa magunia ya mpunga. Tutalala kitanda kimoja, mimi na Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

Alitazama sahani yangu. Matonge mawili ya ugali na kipande cha samaki. Najua wanachosema kwao. Msibani mwezi wa tano wanawake walinyamaza nilipokaribia. Mtu anayekonda hivi, wanasema, ana ule ugonjwa. Nadhani maneno yalianzia kwake. Namchukia kidogo. Namheshimu pia. Inachosha.

Alhamisi, 11 Julai

Kichwa kinauma tangu kuamka. Mdomo mkavu. Mayu naye ana macho mekundu, anasema ni vumbi.

Fomu: saa nane. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 12 Julai

Niandike yote kabla sijaanza kujidanganya.

Saa kumi na moja alfajiri Madam kapiga simu. Dereva ana malaria, kalazwa. "Mama Holo, ni asubuhi ya leo tu. Unaweza?" Nikasema naweza. Sikusita hata kidogo. Nilikimbia. Mimi, nilikimbia!

Usukani uleule. Kiti nilikisogeza mbele, maana tumbo halizuii tena. Watoto walipiga kelele waliponiona. Mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, safi kabisa. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa naimba.

Nyumba ya mwisho ina geti la bluu. Matroni Rehema alishuka kumchukua mtoto. Gari ni otomatiki. Sikulitoa kwenye gia, nilikanyaga breki tu, dakika moja tu. Jua lilikuwa linaingia kupitia kioo. Nakumbuka joto lake usoni.

Kisha sauti. "Aunti! Aunti, gari linatembea!"

Neema, wa darasa la kwanza, anayekaa kiti cha mbele. Alikuwa kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mguu wangu ulikuwa umelegea. Gari lilikuwa linaserereka kuelekea mtaroni, mtaro mpya, wa zege, kina cha mtu mzima. Nikakanyaga. Watoto wa nyuma wakagonga vichwa kwenye viti. Tairi la kushoto lilibakiza upana wa kiganja.

Watoto kumi na saba.

Rehema alirudi na yule mtoto, akadhani nimelisogeza gari kumpisha. Hakuuliza. Neema alinitazama njia nzima. Macho yale.

Fomu bado tupu. Mkono unakataa.

Jumamosi, 13 Julai

Madam kanipigia kunishukuru. Rehema kamwambia nimeendesha vizuri. Barua ikitoka nzuri, anasema, ufunguo ni wangu.

Nikasema asante.

Mabula kafika na kapu la sato. Anacheka, ananizungusha sebuleni kama bibi harusi, anasema sasa anaweza kunibeba mgongoni. Sikumwambia. Fomu ya jana nimeijaza jioni: sikusinzia.

Najisikia mchafu.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda kanisani. Mabula, aliyelala sebuleni, karudi Lamadi baada ya chakula. Mayu kakaa kwenye kigoda, mimi mkekani, akaanza kunifumua rasta kwa ajili ya kile kipimo.

Nywele zilitoka na rasta. Daktari alinionya kwamba baada ya upasuaji zitapukutika, zitarudi. Mimi nilisuka juu yake ili nisione. Niliona Mayu anaziweka pembeni, fungu baada ya fungu, kwenye kanga yake, kama kitu cha kumtunzia mtu. Juu ya masikio kuna ngozi tupu.

Mwisho akaacha. "Mama Holo, niambie. Unaumwa nini?"

Nikapandwa na hasira. Nikafunua blauzi. Nikamwonyesha makovu, matano, madogo, moja karibu na kitovu. Nikamwambia tumbo langu limekatwa, limebaki kama ndizi, ndiyo maana sili, ndiyo maana nimekonda, na damu yangu ilipimwa kabla ya upasuaji na haina kitu. Nikamwuliza kama ni yeye aliyepeleka maneno kule msibani.

Nilitegemea akane.

"Nilisema," akajibu. "Niliogopa. Nilimwambia dada yangu mmoja tu. Mtoto wangu yuko ndani ya nyumba hii, na wewe umo. Sikuwa na mtu wa kumwuliza."

Akarudi kwenye nywele. Tumemaliza saa kumi. Nilijitazama kwenye kioo, nikaona uso wa marehemu mama yangu siku zake za mwisho.

Jumatatu, 15 Julai

Niliamka nikamkuta Mayu ameketi kitandani, mgongo ukutani, kanga mabegani. Jua limeshatoka. Nikamsalimu, "Wangaluka, Mayu."

Akasema hajalala tangu Jumatano.

Akanieleza. Nakoroma, sawa, hata mumewe alikoroma. Kisha nanyamaza. "Nahesabu vidole vya mkono huu, naenda mkono ule, bado kimya. Ndipo unavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa ziwani." Usiku wa kwanza alidhani nimekufa, akanitikisa. Nikageuka, nikalala, nikaanza tena. Tangu hapo anakaa. Ikizidi mikono miwili, ananisukuma bega. Kwa hiyo si vumbi lililomtia wekundu machoni.

"Unakufa mara nyingi usiku mmoja," akasema. "Na asubuhi unaandika kwenye karatasi kwamba umelala vizuri."

Anajua kusoma. Sikuwahi kufikiria. Darasa la saba, Sola, kabla sijazaliwa.

Nililia. Yeye hakulia. Alienda kuchemsha maziwa.

Mpaka sasa nilijiambia ya Ijumaa ni uchovu, simu ya alfajiri, jua. Sasa siwezi.

Nimevuta mashine kutoka chini ya kitanda. Buibui ametaga kwenye mpira wa hewa. Nimeuosha kwa maji ya sabuni, nimeuanika kwenye kamba, katikati ya nguo.

Jumanne, 16 Julai

Nimekata mistari yote ya uongo kwenye fomu. Juu yake nimeandika kwa kalamu nyekundu. Mashine: sijaivaa tangu Aprili. Ijumaa: nimesinzia nikiendesha, watoto kumi na saba ndani.

Kisha nikaenda ofisini kwa Madam. Kitambaa kichwani. Nilisimama. Nilimweleza mtaro, Neema, ule upana wa kiganja. Nilidhani atapiga kelele.

Alifunga mlango. Akaanza kusogeza karatasi ambazo hazikuhitaji kusogezwa.

"Nilikupigia mimi," akasema. "Bila barua. Nilijua hujapimwa."

Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Lakini Jumamosi nilikushukuru, na wewe ukaipokea shukrani."

Ni kweli. Niliipokea.

Amesema nisiguse gari lolote la shule. Jikoni niendelee. Mengine tutaongea baada ya majibu. Mzazi wa Neema, Madam atamwambia mwenyewe, leo. Niliomba niwepo. Akakubali.

Mama yake Neema hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza tu gari lilikuwa mwendo gani, nikamwambia mwendo wa mtu anayetembea. Akasema mtoto alimsimulia Ijumaa ileile, yeye akamwambia asizushe uongo juu ya watu wazima.

Nimeitapika supu ya mchana. Tumbo hili halina nafasi ya woga na chakula kwa pamoja.

Jumatano, 17 Julai

Lamadi, njiani kwenda Mwanza. Nalala kwa Mabula, chumba chake cha kupanga nyuma ya soko la samaki. Nilimwambia yote, kuanzia mashine. Alikasirika. Si kwa gari, kwa Aprili. Miezi mitatu kila Jumamosi alikuwa anasikia, anajiambia ni mkoromo tu, kwa sababu mimi nilisema nimepona na yeye alitaka iwe hivyo.

Tulikaa mlangoni, wanawake wanaanua dagaa. Hakunishika mkono. Baadaye akaja na maji ya kuoga, ya moto, ndoo nzima. Ndivyo alivyo.

Alhamisi, 18 Julai

Mwanza. Mabula kanisindikiza mpaka mlangoni, kaambiwa arudi asubuhi.

Chumba kina kitanda kimoja, kamera juu, pazia la kijani. Nimeoga. Nguo za kulalia ni dera la zamani, linaweza kunizunguka mara mbili. Fundi wa vipimo ni binti mdogo, mpole. Aliisoma fomu na ule wino mwekundu, akanitazama, akasema wengi hawaandiki. Ananibandika nyaya kwa gundi nyeupe. Kwenye ngozi tupu juu ya masikio zinashika upesi, anasema.

Naogopa. Si kufa. Naogopa kulala vibaya mbele ya watu. Naogopa pia kulala vizuri, usiku huu mmoja, mashine ziseme sina tatizo na mimi niamini.

Ananiambia niweke kalamu chini.

Ijumaa, 19 Julai

Gundi masikioni. Sijui nililala kiasi gani. Majibu wiki ijayo. Binti haruhusiwi kusema kitu, lakini aliponiaga aliniambia, "Mama, leo ukifika nyumbani, vaa mashine yako."

Basi nimejua.

Jumatano, 24 Julai

Daktari kapiga. Pumzi bado inakatika. Kabla ya upasuaji ilikatika mara sitini na mbili kwa saa. Sasa ni mara ishirini na tatu. Upasuaji umesaidia sana, anasema, haujamaliza kazi. Taya langu na koo langu vimeumbwa hivyo, hata nikikonda zaidi. Mashine kila usiku, kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo. Watairekebisha Agosti. Nipimwe tena baada ya miezi sita.

Kuendesha? Nilimwuliza mwisho, kwa sauti ndogo.

Hapana kwa sasa. Si watoto, si gari lolote. Baadaye mashine yenyewe itaonyesha kama naivaa, ndipo tuongee.

Nilikata simu nikaenda stoo ya jikoni shuleni, nikakaa kwenye gunia la mahindi. Nilikuwa nimekatwa tumbo kwa ajili ya kitu kimoja, na kitu hicho nimekikosa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Nina uchungu. Sijafarijika.

Madam kamwajiri dereva mwingine wa kudumu. Aliniambia mwenyewe, usoni. Kuanzia Agosti nitapanga safari za magari, nani apite wapi, nani apokee watoto geti gani, maana mitaa naijua kuliko wote. Na kila asubuhi dereva kabla ya kupewa ufunguo ataulizwa amelala vipi. Atakayeuliza ni mimi.

Neema leo alichukua uji, akarudi kuomba wa pili.

Jumapili, 28 Julai

Usiku wa tisa na mashine tangu nirudi Mwanza. Inavuma kama feni ya mbali. Mkanda unaacha alama mashavuni.

Nimeamka mwenyewe, mapema. Kichwa chepesi. Mdomo haukuwa mkavu.

Kando yangu Mayu alikuwa amelala, Mabula yuko sebuleni. Ubavu, kiganja chini ya shavu, kanga imemwanguka. Sijawahi kumwona amelala tangu aje. Nilisubiri kidogo, nikisikiliza. Anapumua taratibu, sawasawa, bila haraka.

Anarudi Sola leo mchana. Nimemfunika. Nimechemsha chai, nimeiweka kwenye chupa, nimefunga mlango polepole.

Jua limefika dirishani. Bado amelala. Sitamwamsha.