Singo ya Maharusi Kwenye Ngozi ya Augustino

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, baada ya hapo sitakuwa na sura ya kutoka nje. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, tumepanga Mchafukoge, na mwanangu Augustino, miaka miwili, alitokwa na harara mwili mzima, na sabuni unajua ilivyoadimika, duka la ushirika nimepanga foleni mara tatu narudi mikono mitupu, sasa jirani yangu Bi Mwanamkuu hutengeneza singo ya kuwasugua maharusi, manjano, liwa, karafuu na mawaridi, na wakitoka hapo ngozi zao laini mpaka unatamani kuzigusa, nikajisemea, kama inamfaa mwali, itamshindaje mtoto? Niliona haya kusema ni ya Augustino, nikadanganya kwamba mdogo wangu Elieshi anaolewa, akanipa bakuli zima.

Nimemsugua siku nne. Harara zimekuwa vidonda shingoni, mtoto ni wa njano toka kisogoni hadi vidoleni, na nesi wa kliniki amesema huenda ni ini, Jumatatu akatolewe damu hospitali. Habari ya singo sikuitaja, maana nesi huyo ni binti yake Bi Mwanamkuu! Na mama yake ameshaalika wenzake waje Jumamosi na ngoma, kila asubuhi ananiuliza, "Mwali wetu kashafika?" Nifanyeje?

Mama Augustino

*

Mama Augustino, nimecheka, kisha nikakasirika. Pole, lakini pole yangu nyingi ni ya mtoto. Karafuu inamwasha hata mtu mzima, wewe unaisugulia kwenye harara za mtoto wa miaka miwili! Cha asili si lazima kiwe salama, mwanangu. Hata upupu ni wa asili.

Na binti aliyekulia kwenye kinu cha singo, unadhani hakuisikia ile harufu? Nahisi anakungoja useme mwenyewe.

Leo hii mwogeshe kwa maji safi matupu, mvalishe nguo nyepesi ya pamba, usimpake kitu kingine chochote, hata nikikushauri mimi. Kesho alfajiri mpeleke kliniki pamoja na hilo bakuli, umwambie nesi kila ulichompaka. Aibu ni yako, lakini sindano ni ya Augustino.

Majina nimeyabadilisha, ila mtoto wa kiume mwenye rangi ya mchuzi na harufu ya bibi harusi, Mchafukoge nzima yuko mmoja. Wahi kwa Bi Mwanamkuu kabla gazeti hili halijamfikia. Ngoma usiizuie. Pika chai, waambie kweli, kisha umtoe mwali wao aje acheze.