Chumvi Uliyoionja

Masakta, Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza maumivu, na mifugo ya hapo Dirma inapata majani. Sisi huku hatujambo. Mwanao Alfredi anakusalimu. Amemaliza kuvuna mbaazi na sasa anatafuta sababu ya kukaa tu.

Ningeweza kupiga simu, lakini najijua. Ningesikia sauti yako ningeanza kulia, na salio lingeisha sijasema kitu.

Mjukuu wako Yonas anaendelea vizuri, amenenepa mpaka kaptula ya shule inambana. Kikohozi kipo, maana ugonjwa wa mapafu aliozaliwa nao hauishi, lakini anakimbia na wenzake. Kila asubuhi nampigapiga mgongo makohozi yatoke, kisha anavuta dawa ya mvuke. Kifaa chake nakichemsha na kukianika mpaka kikauke kabisa. Ndama hawalali ndani tena, wana banda lao. Jiko liko nje, na ndoo yenye maji yaliyolala siioni nikaiacha. Alfredi amemwaga saruji sakafuni, kwa hiyo siku hizi napiga deki. Majirani wameniita Bwana Afya, nami nimeitika.

Sasa nije kwenye ile siku. Sisi tulikwenda kliniki Haydom, wewe ukabaki nyumbani. Tuliporudi tulikuta umeisiriba sakafu yote kwa samadi mbichi, laini kama ulivyonifundisha nilipoolewa. Najua ulikuwa unamwandalia mtoto makaribisho. Kwetu nyumba isiyosiribwa ni nyumba ya mvivu, na wewe ndiye uliyenisifu kwa wenzako kwamba mkono wangu ni mwepesi. Nami nikachukua jembe nikaikwangua mbele yako, hata shikamoo sikukupa. Asubuhi ukafunga mzigo wako ukapanda basi. Alfredi aliniambia ulisema nimekuona mchafu.

Hapana, Mama. Daktari alikuwa ametuonya kwamba unyevu wa samadi na vumbi lake vina vijidudu ambavyo mimi na wewe havitusumbui, ila vikiingia kwenye mapafu ya Yonas kuvitoa ni kazi. Niliogopa, na woga hauna adabu. Nisamehe.

Kuna jambo hujawahi kuambiwa. Yonas akiwa mchanga ulimbusu shingoni, ukasema mtoto huyu ana chumvi kama jiwe analolamba ng'ombe. Tulicheka wote. Baadaye, alipokuwa anakonda na dawa za kifua hazisaidii, nilimsimulia daktari maneno yako kama utani. Hakucheka. Alituandikia twende hospitali ya mbali mtoto akapimwe jasho, na huko ndiko ugonjwa ulikojulikana. Jasho la watoto wa namna hii huwa na chumvi kupita kiasi. Usingembusu siku ile, sijui kama leo ningekuwa na mtu wa kumsafishia nyumba.

Nimemweleza Yonas. Sasa analamba mkono wake, anasema Bibi alisema kweli, kisha anauliza basi la Dirma linafika saa ngapi.

Njoo, Mama. Kitambaa cha deki nilichokutengea nimekitundika nyuma ya mlango, na hakuna anayekigusa. Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mungu akulinde njiani.

Mkweo akupendaye,
Judica, Mama Yonas