Wananiita Ufunguo Malaya

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua imekata sasa hivi baada ya kunyesha tangu alfajiri, uwanja wetu hapa Misunkumilo ni matope matupu, na mimi nina hasira mpaka chai imenishinda kunywa.

Naandika kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitaanza kujipendelea.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni Veronika, fundi cherehani, nimepanga chumba kimoja na naishi peke yangu. Tuko wapangaji wanne, uwanja mmoja, bomba moja. Miezi minne iliyopita nilianza kujifunza kufungua makufuli bila ufunguo. Si kazi, wala sitaki iwe kazi. Napenda tu, kama wengine wanavyopenda mpira.

Ilianza siku nilipopoteza ufunguo wangu, fundi akaja kulikata kufuli kwa msumeno. Vilivyodondoka chini ndivyo vilivyoniteka: vijipini vya shaba, na springi nyembamba sana, ndogo kuliko kitu chochote kwenye cherehani yangu. Nikaviokota nikavitia kwenye kopo la vifungo. Miaka yote hiyo nafunga mlango asubuhi, nafungua jioni, na sikuwahi kujiuliza humo ndani kuna nini. Nikatafuta video kwenye simu. Nikaomba wiper mbovu gereji, nikatoa ule ukanda wa chuma, nikausugua kwa tupa mpaka nikapata vijiti viwili, kimoja cha kukaza na kingine cha kupapasa. Wiki tatu vidole vinauma na hakuna kilichofunguka. Siku kufuli la kwanza lilipoachia, nilipiga kigelegele peke yangu chumbani.

Rafiki yangu Skola, mwalimu wa shule ya msingi, akajiunga. Jumapili baada ya kanisa tulikaa barazani na beseni la makufuli mabovu, tunapapasa, tunachekana. Skola hana subira, alinivunjia vijiti vitano. Tulijiwekea kanuni moja tu, na niliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wangu: usiguse kufuli lisilo lako mpaka mwenyewe akuambie kwa kinywa chake.

Bibi alikuwa anakaa na sisi. Ni mama yake Mama Debora, jirani yangu wa mlango wa pili. Aliletwa kutoka Ugalla mwaka jana baada ya kuanza kusahau mambo. Akiachwa wazi anatoka, anapotea, kwa hiyo Mama Debora akienda mahali anamfungia kwa nje na kufuli. Lakini mwanawe akiwepo nyumbani, Bibi alikuja kwetu, anachukua kufuli, analitikisa sikioni, anacheka. Ni mtu pekee kwenye nyumba hii ambaye hakuwahi kuniuliza mchezo huu unaniingizia nini.

Halafu wiki mbili zilizopita wakaja wezi. Walibeba betri ya sola ya Mama Debora mchana, watu wakiwa shambani na Bibi akiwa kliniki na mwanawe. Nilikwenda kuangalia kama wengine. Komeo, kile chuma cha mlangoni kinachoshika kufuli, lilikuwa limeng'olewa na nondo, bolti zote nje. Na kufuli lenyewe linaning'inia pale, limefungwa vilevile. Limefungwa! Nikasema kwa sauti, jamani, aliyefanya hivi hajui kufungua kufuli, angejua asingehangaika na komeo.

Mama Debora akageuka akaniuliza, wewe umejuaje?

Basi. Nilijimaliza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Mafundi wana jina la ule ufunguo unaofungua kila kufuli. Wanauita ufunguo malaya, wanalitamka dukani mbele ya watoto na hakuna anayeshtuka, ni jina la kifaa. Kesho yake asubuhi, bombani, Mama Debora akanipisha na ndoo yake akasema, mpisheni Ufunguo Malaya apite. Wanawake wakacheka. Mimi niliachika miaka sita iliyopita, sina mume, nafungua mlango wangu mwenyewe na kuufunga mwenyewe. Nyie mnajua jina kama hilo linakaa vipi kwa mwanamke wa namna hiyo. Mpaka Jumatano wateja wawili walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo sijavikata. Skola akaacha kuja, akatuma ujumbe kwamba mwalimu ana jina lake. Na mimi langu je? Baba mwenye nyumba, ambaye nilimshonea suti ya harusi ya mwanawe, akanipa mpaka mwisho wa mwezi nitafute chumba kingine.

Mimi ambaye sijawahi kuchukua hata sindano ya mtu.

Wakati huo Mama Debora akaleta mtu akachomelea komeo jipya nene kwenye mlango wake wa chuma, ili nondo isiweze kuling'oa tena. Akanunua na kufuli jipya la shaba.

Sasa leo. Saa nne na nusu nilikuwa napiga pasi, nikasikia makelele uwanjani. Mama Debora amerudi kanisani na pikipiki, wameanguka kwenye matope njiani, ufunguo umepotea huko, na zile za akiba ziko ndani. Na Bibi yuko ndani. Na jiko la mkaa liko ndani, na maharage juu yake, kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Madirisha ya bati yamefungwa kwa ndani kwa sababu hiyohiyo.

Bibi alikuwa haitiki.

Walikuwa wanagonga, wanaita. Baba mwenye nyumba alilipiga komeo kwa jiwe, nalo halikutikisika, si walilichomelea. Mtu alikuwa amekimbia kutafuta msumeno, lakini Jumapili, mvua, maduka yamefungwa. Nikatoka na mfuko wangu wa vijiti. Watu wote wakaniangalia. Nilikuwa nimesimama umbali wa hatua tatu kutoka kwenye kufuli ambalo nalijua, ninalo kama hilo kwenye beseni, nimeshalifungua mara zaidi ya kumi.

Baba mwenye nyumba akasema, wewe Vero, fungua. Nikamwambia kufuli si lako.

Nikamwangalia Mama Debora. Alikuwa na matope mpaka kwenye kitenge cha kanisani. Akaangalia chini akasema taratibu, "Fungua."

Hapa ndipo nataka kuandika vizuri, maana tangu mchana najizungusha.

Kanuni yangu ilikuwa imetimia. Mwenye kufuli alisema, kwa kinywa chake, nilimsikia. Ningepiga magoti pale pale mbele ya kufuli nianze kazi. Badala yake nikamuuliza, "Unamwambia nani?"

Akaugeukia mlango. Nikarudia. Nilitaka aniite jina langu mbele ya wale wale waliocheka bombani. Nilimwambia, mimi sina jina? Sema unamwambia nani. Mvua inatunyeshea, Debora mwanawe analia, moshi unatoka kwa chini ya mlango, na mimi nimesimama na mfuko wangu nasubiri kuitwa. Nilikuwa najiona mkubwa. Nakiri, nilijisikia vizuri. Wiki mbili nzima sikuwa nimejisikia vizuri hivyo.

Mwishoni akasema, "Veronika. Veronika, nakuomba, ni mama yangu."

Nikafungua. Likaachia kama lile la kwenye beseni. Tuliingia, maharage yameungua yote, Bibi yuko chini pembeni ya kitanda, anapumua lakini haamki. Tukamtoa nje kwenye hewa, mvua ikampiga usoni, akakohoa. Wakampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Watu wakatawanyika. Baba mwenye nyumba alipita karibu yangu akaniambia kumbe una faida. Kuhusu chumba hakusema kitu.

Nimeshinda na hasira siku nzima na nimeigawa kwa kila mtu. Nimemkasirikia Mama Debora kwa kuacha jiko ndani. Nimemkasirikia kwa lile jina. Nimemkasirikia Skola, mwoga mkubwa. Wale wanawake wa bombani nimewatukana moyoni mmoja mmoja mpaka nikawamaliza. Halafu nikakaa kwenye cherehani na swali likanikuta hapo hapo.

Huwa napima muda. Kila nikifungua kufuli nabonyeza saa ya simu, naandika kwenye daftari, ni mazoea ya mchezo wetu. Lile la leo sikulipima, ila najua uwezo wangu, haikufika dakika mbili. Muda wa kusimama ndio siujui. Nimejaribu kuukumbuka kwa kurudia maneno yetu kwa sauti hapa chumbani, kama mwendawazimu, huku naangalia saa. Mara inakuja dakika moja. Mara inakuja nne. Bibi alikuwa ndani ya ule moshi muda wote huo, na kanuni yangu haikuwa imenizuia. Ilikuwa ni mimi.

Saa kumi Mama Debora amerudi. Bibi ameamka, kichwa kinamuuma, wamemlaza mpaka kesho wamwangalie. Alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni kwangu, hajafika hapo tangu siku ya wizi. Mkononi alikuwa na kufuli jipya, bado liko kwenye karatasi yake, na funguo tatu kwenye waya. Nikajiandaa. Nikasema moyoni, sasa akinishukuru nitamjibu nini, na akinitukana ndio afadhali, ninayo ya kumjibu ya wiki mbili.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Akahangaika na ule waya kwa kucha zake mpaka akatoa ufunguo mmoja, akauweka juu ya cherehani.

"Huu ukae kwako, Veronika. Siku nyingine usinisubirishe."

Akaondoka.

Ufunguo uko hapa mbele yangu ninavyoandika. Nimechukua kitambaa nikafuta kanuni ya chaki nyuma ya mlango, na bado sijajua niandike nini mahali pake. Hasira ninayo bado, msidhani imekwisha. Lile jina bado linaniuma na mwisho wa mwezi bado unakuja.

Lakini kesho asubuhi nitapika uji niupeleke hospitali. Bibi hatakumbuka kitu, atanishika mkono atacheka kama kawaida yake. Mama Debora atakuwa amekaa pembeni ya kitanda. Nitamwambia Bibi, mbele ya mwanawe, kwamba alikaa kwenye moshi muda mrefu kuliko ilivyolazimu, na aliyemchelewesha ni mimi, kwa sababu nilitaka kuitwa jina langu.