Kengele ya Raundi ya Sita

Jumapili mchana

Kwako kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo wako umepata nafuu. Shemeji naye hajambo? Mwambie saa yake ya ukutani imepona, ilikuwa na vumbi tu, ila asiipulizie tena dawa ya mende. Huku sote tu wazima. Mama anakula vizuri, anagombana na majirani vizuri, na goti lake linamuuma pale tu anapoombwa kusimama. Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza. Tangu utotoni hujawahi kuniacha nikamaliza maneno yangu, na safari hii lazima nimalize.

Habari kubwa hapa unaijua: Jumamosi ijayo jioni mwanao anapanda ulingoni na Nyundo, raundi kumi, uzani wa welta. Mtaa mzima umegeuka majaji. Kibanda changu cha saa, ambacho siku za kawaida kinaingia watu wawili wakijibana, sasa kinajaa watu saba tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyeleta saa. Wamekalia mpaka sanduku langu la vipuri. Nimewafukuza mara mbili, lakini ukweli ni kwamba nikiwafukuza nani atanisikiliza?

Msimamo wangu haujabadilika: mwanao anashinda. Sisemi hivyo kwa sababu ni damu yangu, nasema kwa sababu naijua ngumi. Kimya, maana siku hizi hata mama anamwita hivyo, ana mkono wa kushoto mrefu unaomfikia mtu kabla hajaamua la kufanya. Haumwangushi mtu, lakini unamvuruga, na kufikia raundi ya tano mpinzani anakuwa anapigana na hasira zake mwenyewe. Uzito wake uko pale pale panapotakiwa bila kujinyima maji ili apungue. Nyundo ana nguvu, sikatai. Amepigana mara tisa na sita kati ya hizo hazikufika raundi ya nne. Lakini wale sita wote walisimama mbele yake wakamngojea. Hajakutana na mtu anayeondoka. Miguu yake ni mizito, na akizungusha ule mkono wa kulia anasahau kuurudisha usoni.

Kuna mwalimu mstaafu wa hesabu anayekuja na daftari lenye mapambano yote ya miaka mitano. Kwa hesabu zake, Kimya anaanguka raundi ya tatu. Nilimwuliza hilo daftari lilisema nini kuhusu pambano la Kimya lililopita. Akalifunga, akaomba maji ya kunywa. Hivyo ndivyo ninavyowamaliza, kaka, mmoja mmoja.

Anayenisumbua ni fundi cherehani wa kibanda cha pili. Mama yule hapigi kelele, na amewashonea bukta mabondia wote wawili, kwa hiyo huwezi kumwambia ana upande. Jumatano alikuwa anatia lastiki kwenye bukta ya Nyundo, akasema bila kuinua kichwa kwamba Kimya ni bondia hodari kwa dakika mbili na sekunde hamsini. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alieleza kwamba katika mapambano matatu ya mwisho amemwona Kimya, kila raundi ikikaribia kuisha, anarudi kwenye kamba, anafunika uso na kutupia jicho meza ya kengele. Akaongeza kwamba Nyundo anafundishwa na Mwashi, na Mwashi naye ana macho. Tangu miezi miwili iliyopita Nyundo anafanya zoezi moja kila siku: kulipiga gunia kwa nguvu zake zote katika sekunde kumi za mwisho.

Nilimjibu kwa mzaha, si unanijua. Lakini jioni ile ile nilikwenda ukumbi wa mazoezi na saa yangu ya kupimia raundi, nikakaa kwenye benchi. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mambo yakawa yale yale. Zikibaki sekunde kumi tu, mwanao yuko kwenye kamba, macho kwenye kengele. Alipomaliza nikamwuliza nani kamfundisha mtindo huo. Akasema ni wewe. Akasema tangu ana miaka kumi unamwambia kwamba bondia akizidiwa afunike uso na kusubiri, kwa sababu kengele itakuja, kengele ni ndugu yake. Aliyasema hayo kwa fahari, na mimi nikatia saa mfukoni, nikarudi nyumbani.

Sasa kaka, kama umesimama, tafuta kiti.

Pambano lako na Mwashi lina miaka ishirini na mbili, na kila tukikutana unalisimulia. Unafika raundi ya sita, umekula mbili za tumbo, uko kwenye kamba, na unatueleza jinsi ulivyotulia, ukahesabu moyoni, ukajua kengele iko karibu. Na kweli ikalia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa kwenye meza ya kengele, nina miaka kumi na tisa na saa mkononi. Kengele haikuwa karibu. Zilikuwa zimebaki sekunde tisa. Niliona magoti yako yanalegea, nikaona mkono wa Mwashi umeshavutwa nyuma, nikaipiga. Hakuna aliyenituma. Mwamuzi aligeuka kunitazama, nami nikamwonyesha saa kwa uso mkavu wa mtu mwenye uhakika, kisha nikairudisha haraka kwenye sifuri. Ulikwenda kwenye kona, ukamwagiwa maji, ukatoka na kushinda raundi nne zilizobaki. Hizo zilikuwa zako, hakuna aliyekusaidia. Lakini ile ya sita niliiiba, na watu wakaanza kuniita Dakika kwa kusifu umakini wangu.

Nilijiambia nilikuokoa. Leo najua nilichokufanyia. Siwezi kukuambia kwamba ungeanguka, na siwezi kukuambia kwamba ungesimama. Hakuna atakayejua kamwe, na wewe hutajua, na aliyekunyima kujua ni mimi mdogo wako. Kibaya zaidi ni kwamba umeuchukua uongo wangu ukamfundisha mtoto kama maarifa. Naona aibu, kaka. Nisamehe.

Alhamisi asubuhi nilimfuata Mwashi kazini, anajenga ukuta wa ghala. Nilishachaguliwa kukaa kwenye meza ya kengele Jumamosi ya pambano, na nilikwenda kumweleza yote na kumwambia kwamba najitoa. Nilitarajia matusi. Aliendelea kupanga tofali mpaka akamaliza mstari, kisha akaweka mwiko chini. Alisema alijua tangu siku ile, kwa kuwa mikono yake ilikuwa inazijua dakika tatu bila saa. Aliwaambia watu, wakamwita mshindwa anayelia, akanyamaza. Halafu akasema:

"Usijitoe. Pale utakaa wewe, sitaki mwingine."

Nikamwuliza ananiaminije.

"Sikuamini. Lakini zile sekunde nimekaa nazo miaka yote hii, na naona na wewe umekaa nazo. Mwingine atapiga kengele aende zake akale."

Akachukua mwiko wake. Nikamsogezea tofali la kuanzia mstari mwingine, kaka, nikaondoka.

Ijumaa nilimwita mwanao kibandani, nikawatoa watu wote nje pamoja na daftari lao. Nilimweleza kila kitu. Nikamwambia Jumamosi ya pambano kengele ni yangu, na kila raundi itakuwa dakika tatu kamili, hata nikimwona amepiga magoti, hata mama akipiga kelele jukwaani. Alichezea saa mbovu iliyokuwa mezani. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Baba anajua?" Nikamwambia kufikia Jumanne utakuwa unajua.

Jana nilikwenda tena mazoezini. Amesikia, lakini mwili wake haujasikia. Zikibaki sekunde kumi miguu inampeleka kwenye kamba yenyewe, na kocha wake amepiga kelele mpaka sauti imekauka. Mazoea ya miaka yote hiyo hayamtoki kwa maneno ya baba mdogo wala ya kocha, kwa sababu hatukuyaweka sisi. Ulisema utafika Ijumaa. Usingoje Ijumaa. Panda gari siku utakapoisoma barua hii, hata kama umenikasirikia, hata kama hutaki kuniona. Kwangu si lazima upite. Nenda moja kwa moja ukumbini, simama kati ya mwanao na zile kamba, umwambie kwa mdomo wako kwamba hakuna kengele inayokuja kumwokoa mtu. Ukifanya hivyo siku tatu tu, nakuhakikishia Nyundo hafiki raundi ya nane. Hilo nalisema kama mtu anayeijua ngumi. Usipofanya, nitakuwa mezani nikimtazama mwanao akipigwa sekunde kumi kamili, na nitaziacha ziishe.

Barua hii nampa fundi cherehani, ambaye kesho anakuja huko kuchukua vitambaa. Hajui kilichomo, ingawa kwa jinsi anavyonitazama nadhani anakisia. Msalimie sana shemeji na watoto. Mama anakusalimu, anasema uje na sweta lake. Hajui lolote kuhusu haya. Ukitaka ajue, tutamwambia pamoja, na nitaanza mimi.

Mdogo wako,
Dakika