Mwina Sabi wa Ziwa Moero Niliyemkosea

Kasungami, Lubumbashi
Tarehe 3 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu, Yaya Huguette,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Durban, wewe na shemeji André, na kwamba ule mgongo wako umetulia. Sisi hapa tu wazima. Mke wangu Tracy alikohoa wiki nzima kwa vumbi la kiangazi, sasa amepona, ameanza tena kunigombeza.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti yangu kwenye simu. Nimempa barua jirani yetu Abigaïl, anayesafiri kuja huko, kwa sababu kwenye simu ningecheka na kuliruka jambo lenyewe. Yaya, ninaona aibu. Tafadhali isome yote kabla ya kukasirika.

Nianze na mazuri. Siku ya pili ya safari, mimi na Tracy tulifika Kilwa, hii yetu ya Katanga, na kutoka hapo barabara inafuata Ziwa Moero kuelekea Pweto, maji upande wa kuume, vilima upande wa kushoto. Kila baada ya kilima Tracy alisema simama, nami nikasimama. Tulitembea sana kwa miguu mchangani, katikati ya chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa kama mchele, na viatu vyangu vinanuka mpaka leo. Tulimwona furukombe akishuka majini na kupaa na samaki mkubwa kuliko yeye. Viboko tuliwasikia kabla ya kuwaona. Tracy alidhani ni lori limekwama, akataka twende kusaidia kusukuma.

Lakini wewe ulinituma jambo moja tu, nalo silo kutazama viboko. Nimtafute yule aliyemzika mama mwaka wa corona, njia zilipofungwa na hakuna hata mmoja wetu aliyefika. Jina lake hatukulijua. Nimpe shati ulilolinunua, nimshukuru kwa kinywa changu.

Kijiji cha mama tulikifikia tulipopita Lukonzolwa. Niliwaambia wanawake pale ufukoni kwamba mimi ni mtoto wa Kunda, mwina Ngandu kwa ukoo, na ninamtafuta aliyemzika mama. Wakasema watamtumia mtu habari. Tukiwa tunangoja, tulitembea hadi mahali kijito kinapoingia ziwani, na pale, Yaya, alikuwa amelala mamba mkubwa juani, kinywa wazi. Nikatoa simu nimpige picha.

Mtu akacheka nyuma yetu.

"Ee! Unapiga nkambo yako photo bila kumuomba ruhusa? Angalia kinywa! Njo ile ya mama yako kabisa! Alikulaka basamaki yetu yote, na hakushibaka!"

Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia kuukuu, anacheka mpaka ameshika magoti. Mamba awe babu yangu, na mama awe mlafi! Damu ilinipanda kichwani. Nilimwita mlevi, kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili ili asikie vizuri. Nilimwuliza kama anajua anasema na nani, mimi ninayefundisha chuo kikuu pale Kasapa, na kama huku kwao wamezaliwa bila adabu hata kutukana marehemu. Tracy alinivuta shati. Sikunyamaza.

Mzee aliacha kucheka. Akavua kofia.

"Pardon, monsieur," alisema. "Nilizania uko mutoto ya Kunda."

Akaenda zake. Nami, nakiri, nilijiona nimemfundisha somo. Tuliporudi, mama mmoja aliyekuwa akigeuza chisense akaniuliza, "Mulionana na ba Chilufya? Tulibatuma kwenu. Bale njo balizikaka mama yako. Ni munungwe wenu, mwina Sabi."

Ndiye yule mzee wa kofia, Yaya. Wewe huhitaji kuelezwa. Ngandu na Sabi, mamba na samaki, banungwe, watani tangu mababu: anayekuzika ndiye mwenye ruhusa ya kukutukana, na anapokutukana anakwambia wewe ni wake. Kumbe matusi yale ndiyo yalikuwa makaribisho yangu, na mimi nikayatupa matopeni. Hata kwenye matanga ya hapa mjini, watani walipomcheka marehemu, mimi niliinamia simu yangu nikaona ni fujo za watu wa kijiji. Mkataa kwao ni mtumwa, na mtumwa mwenyewe ni mimi.

Nilikwenda kwake karibu mbio. Alinipa kiti pekee alichokuwa nacho, yeye akabaki amesimama. Nikaomba msamaha. "Haiko kitu, monsieur." Alituongoza kaburini. Majani yamekatwa, mawe yamepangwa kuzunguka, hakuna hata tawi kavu juu yake. Miaka mitano ameyafanya hayo peke yake, bila sisi. Shati alilipokea kwa mikono miwili. "Merci, monsieur." Nilijaribu hata kumtania, nikamwambia mamba ana njaa leo, afadhali bena Sabi wasioge ziwani. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza askari.

"Ndiyo, monsieur."

Nililia garini, Yaya. Tracy ndiye aliyeendesha mpaka Kilwa.

Nisalimie shemeji André, na Clotilde ukimwona kanisani. Mama mdogo Jeanne anakusalimu. Yeye sijamwambia lolote.

Ninalo ombi. Namba ya ba Chilufya nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Wewe ndiwe uliyerithi mdomo wa mama. Mpigie. Usimshukuru, wala usiniombee msamaha. Mwambie wewe ni binti wa Kunda, kisha mtukane, Yaya, yeye na samaki wenzake wote, mpaka na yeye akutukane.

Mungu akulinde, akupe nguvu za kutuzidi sote.

Mdogo wako akupendaye, pamoja na aibu yake,

Hénoc