Vidonge Ndani ya Uji wa Mama

Mpendwa Bi Mwanakheri, shikamoo. Nimeianza barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana, leo naiandika hivyo hivyo ilivyo, nakuomba usinihukumu kabla hujafika mwisho, maana nililolifanya nililifanya kwa mapenzi na sasa linanila.

Naishi Timbwani na mume wangu na mamangu mzazi. Mama ana presha, alipewa vidonge hospitali akavichukia kwa sababu vilikuwa vinampeleka chooni kila mara, na siku moja kwenye foleni ya feri hakuwahi, akarudi nyumbani analia, akaapa hatavigusa tena na yeyote atakayemlisha dawa ile kwa hila hatampa radhi. Mwezi ule ule kakangu Faki, ambaye ni mpishi melini, akaleta kutoka Ulaya chupa ya vidonge vya manjano viitwavyo kwesetini, akasema ni kitu kinachopatikana kwenye maganda ya vitunguu na wazungu wanavimeza kwa ajili ya damu na mafua, basi mama akaona hicho ni chakula si dawa, akavipenda kama peremende. Mimi nikaogopa nitampoteza, nikaenda na kadi yake kuchukua vidonge vya hospitali, na kila asubuhi nikawa navisaga namtilia kwenye uji wa pilipili manga, maana ukali wa uji ule unafunika uchungu wote.

Bi Mwanakheri, presha ilishuka. Nesi akamsifu, mama hakumwambia nesi neno juu ya vile vya manjano wala juu ya kuacha vya hospitali, lakini aliporudi nyumbani akawa daktari wa mtaa, hata kule kwenda chooni anasema ni vitunguu vinamsafisha figo. Wa kwanza kumsikiliza ni Bi Mwanatabu, ambaye ndiye somo yangu, yeye ndiye aliyenifunda kabla sijaolewa, naye presha yake ni kubwa kuliko ya mama. Akavimwaga vidonge vyake chooni, akatumia vya manjano alivyogaiwa na mama, vilipokwisha akawa anasafiri mpaka sokoni Kongowea kuwaomba wenye magunia ya vitunguu wampe maganda, anayachemsha anakunywa. Juzi nilimkuta anakaanga viazi karai, mara mwiko ukamponyoka, akasema mkono umekufa ganzi, baada ya kitambo ukarudi, akanitazama akaniuliza, “Mwanangu, mamako amepona kwa kitu hiki hiki. Mimi nakosea wapi?” Wallahi nilishindwa kumwambia, nikamjibu labda aongeze maganda.

Nikisema kweli nakosa radhi ya mama, nikinyamaza naona nimemtupa somo yangu. Sijui nishike lipi, nishauri.

Mwenye siri, Likoni

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Uliomba nisikuhukumu kabla ya mwisho. Nimefika mwisho, na huko ndiko ulikoniudhi. Mtu mzima mkono umemfia ganzi mbele yako, wewe peke yako unajua kilichomponya mamako, na jibu lako ni aongeze maganda. Ulinihurumisha ukurasa mzima, kisha ukaniharibia kwa neno moja.

Sikia. Mkono kufa ganzi kisha ukarudi, hiyo yaweza kuwa kiharusi kimepiga hodi. Cha pili huenda kisibishe hodi. Habari ya ukurutu au mafua siyo hii, hii ni ya hospitali na ni ya saa hiyo hiyo.

Kuhusu hiyo kwesetini, nimemuuliza mfamasia ninayemwamini. Anasema kweli imo kwenye vitunguu na maganda yake, imo hata kwenye chai unayokunywa. Wataalamu bado wanaichunguza, wengine wanadhani inasaidia mafua ya vumbi, lakini hajamsikia yeyote aliyewaambia wagonjwa waweke hiyo mahali pa vidonge vya presha. Tena ikimezwa pamoja na dawa nyingine zinaweza kugongana, ndiyo maana daktari lazima aijue. Kitunguu hakina kosa, na Faki alileta zawadi tu. Wenye kosa ni mamako aliyemficha nesi, na wewe uliyemficha mamako.

Anza kwa somo yako. Wengine hawana mtu wa kumwambia mambo ya ndani, wewe unaye, na aibu zako zote anazijua tangu ulipokuwa mwari. Usimpe hotuba. Mwambie, “Mama anakunywa vidonge vya hospitali kila siku, na mimi ndiye ninayemtilia kwenye uji.” Kisha mshike mkono mwende hospitali, asirudi ndani kubadilisha leso wala kuzima jiko, jirani atalizima. Na usimpe vidonge vya mama, kila mtu na kipimo chake.

Mama ni kesho yake. Mpeleke kliniki na vidonge vyote, vya manjano na vya uji, useme mbele ya nesi. Vya uji usivikatize ghafla kabla ya daktari kukuambia, kuna hatari. Mweleze pia nesi habari ya feri, maana mpaka leo hajaambiwa. Saa ya kumeza inaweza kubadilishwa, na hata aina ya kidonge, lakini nani alimuuliza? Mkiisha kusema kweli, akitaka kukataa akatae mwenyewe akijua anachokataa.

Atanuna, tena atanuna sana, na ana haki. Utamwomba radhi hata mwaka mzima, naye yuko hai wa kukusamehe. Bi Mwanatabu akianguka utamwomba nani?

Hukuandika jina wala nyumba, ningejua ningevuka nije mwenyewe. Muhuri wa posta kwenye bahasha yako ni wa siku tisa zilizopita. Siku tisa somo yako anaongeza maganda kwa neno lako. Weka gazeti chini, vaa buibui, nenda.