Uso Uliotoshea Kwenye Shuka

Mlali, Kongwa
14 Agosti 1996

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii, anayokusomea mdogo wangu Stara, inawakuta salama hapo Kondoa na mtama umeshapurwa. Mimi sijambo, ila mafua ya vumbi.

Nilipopunguzwa kiwandani uliogopa nitakaa bure. Basi shirika moja la afya limenichukua niendeshe jenereta na mashine ya slaidi, ile inayomulika picha kwenye shuka, kuwaelimisha watu juu ya vikope, ugonjwa wa macho.

Mara ya kwanza tuliaibika. Tuliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, tukamulika uso wa mama mmoja mgonjwa. Picha ni ndefu, shuka imetundikwa kwa upana: kichwa kikakatika, kidevu kikaangukia sakafuni. Kiongozi wetu, Bwana Mazengo, akainua mdomo wa mashine kwa matofali. Paji la uso likatanuka kama boga. Watu walicheka wakaondoka zao. Akaamua picha ile itupwe, tuhubiri kwa mdomo tu. Nikamwomba siku moja.

Nilishinda darasani peke yangu. Nikaitundika shuka wima, nikapandisha mashine juu ya madawati hadi ikatazamana na katikati ya shuka, nikaisogeza mbele kidogo kidogo ili picha ipungue. Mama, uso uliingia wote, toka ushungi hadi kidevu, wala haukupinda!

Kesho yake hakucheka mtu. Bibi mmoja, Ruthu, alikwenda akagusa kope za pichani, akasema, “Huyu anaumwa kama mimi.” Muuguzi wetu, Dorothea, akaeleza kwamba kope zikigeukia ndani hukwangua jicho, na upasuaji mdogo huzirudisha kabla mtu hajapofuka. Ruthu akajiandikisha papo hapo. Hadi Ijumaa waliojiandikisha walikuwa wanawake thelathini na wanane. Ruthu alipasuliwa wa kwanza, na jana bandeji yake ilifunguliwa. Alipiga vigelegele mwenyewe. Bwana Mazengo akatangaza kuwa kila kijiji shuka itundikwe kama alivyotundika Sabiha. Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Sasa nisamehe, mama. Uso ule ni wako. Picha niliyokupiga Idi, nikasema ya ukumbusho, nilimpa Dorothea aifanye slaidi bila kukuomba ruhusa. Nilijua ungekataa, maana miaka yote unavuta ushungi watu wasikuone macho. Zaidi ya Dorothea, hakuna hapa anayejua kuwa ni wewe. Ukisema iondolewe, nitaiondoa kwa mkono wangu.

Lakini Dorothea ameitazama sana. Anasema jicho la kushoto limekwenda, la kulia bado linaokolewa. Nimekuandikisha. Jumamosi ijayo nakuja kukuchukua, na Ruthu ameomba akupokee kwake. Nilimwambia tu kwamba mama yangu naye anaumwa kope.

Nisalimie shemeji Shaibu na watoto. Stara asiruke hata neno moja la barua hii, namfahamu.

Mimi mwanao, ninayekuombea heri,
Sabiha